Ajali zimepungua penye kamera: je, ni kazi ya kamera?

Kamera ya mwendokasi haifungwi popote tu. Katika mpango wa Uingereza ulioanza mwaka 2000, kigezo kikuu kilikuwa wingi wa ajali mbaya zilizotokea mahali hapo miaka ya karibuni. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Ajali hupanda na kushuka zenyewe, na kipande cha barabara kilichochaguliwa kikiwa kileleni kitashuka hata ukisimika nguzo tupu. Wanatakwimu huita hali hii kurudi kwenye wastani. Ripoti ya mpango huo ya mwaka 2005 ilitaja upungufu wa asilimia 42 wa waliokufa au kuumia vibaya penye kamera. Kiambatisho cha ripoti hiyohiyo kilionyesha kuwa mijini sehemu kubwa ya upungufu haikuletwa na kamera.

Chukua mfano wa kubuni. Kipande kina ajali 8 kwa miaka 3. Barabara za aina hiyo, zenye magari mengi kiasi hicho, zina wastani wa 4. Ukiupa wastani uzito wa 0.4 na idadi halisi 0.6, tarajio la ajali bila kamera ni 6.4, si 8. (Uzito haukisiwi, hutolewa kwenye takwimu za barabara hizo nyingine.) Ikiwa barabara zisizo na kamera nazo zimepungukiwa ajali kwa asilimia 10, tarajio hushuka hadi 5.76. Baada ya kamera zikatokea 5. Magazeti yataandika asilimia 37.5, jibu la haki ni kama asilimia 13, na kwa idadi ndogo hivi hata hiyo huenda ni bahati. Kwa hiyo unganisha hesabu za vipande vingi.

Pima na mwendo. Laza barabarani mirija ya mpira inayohesabu magari na kupima mwendo wake, penye kamera, mita 500 kila upande na kilomita 2 mbele, wiki nzima, usiku na mchana. Anza kabla hata bango la onyo halijasimama. Askari mwenye tochi ya kupimia mwendo hafai kwa kazi hii: Tanzania madereva huwa wameshawashiana taa kuonyana. Tazama wastani, na pia mwendo ambao magari 85 kati ya 100 hayauzidi.

Dereva anayekanyaga breki kwenye nguzo, kisha mafuta akishaipita, huhamishia hatari mbele. Ukihesabu mita 100 za karibu tu hutaiona. Kamera zinazosoma namba ya gari mwanzo na mwisho wa kipande, kisha kukokotoa wastani wa mwendo wake, huubana mchezo huo, lakini hapo hesabu pia magari kwenye njia za pembeni, maana wengine watachepuka huko na ajali zao.