Kununua kiwanja ni kununua nini hasa?

Mtu akisema "nimenunua kiwanja", mkono wake huonyesha ardhi. Anatembea kutoka jiwe la mpaka hadi jiwe la mpaka, anahesabu hatua, anakuonyesha atakapochimba kisima. Sheria haimwangalii hivyo. Udongo ule ulikuwapo kabla yake, na utabaki palepale muuzaji akishaondoka na pesa zake. Kilichohama ni haki. Jina lenyewe linasema: mali isiyohamishika. Mali imetulia, kinachotembea mkono kwa mkono ni haki juu yake, na mara nyingi haki hizo hazisafiri zote pamoja.

Wanasheria hupenda kuufananisha umiliki na tita la kuni. Humo mna ukuni wa kukaa, wa kuvuna, wa kujenga, wa kupangisha, wa kuweka rehani, wa kuuza, wa kurithisha, na ule ambao watu huusahau: wa kumwambia mwenzako "toka". Anayekuuzia anaweza kukukabidhi tita zima. Anaweza pia kukukabidhi tita ambalo kuni mbili tatu zilichomolewa miaka mingi nyuma na zimo mikononi mwa watu usiowajua. Maneno mengi yanayomtisha msomaji wa mkataba wa ardhi ni majina ya kuni hizo tu. Ukishajua neno fulani linachomoa nini, mkataba unasomeka.

Tuanze na muda. Milki huru ni haki isiyo na tarehe ya mwisho. Unarithisha, mrithi wako anarithisha, na hakuna anayehesabu miaka. Milki ya muda ina tarehe. China ardhi ya mijini ni ya dola, na anayenunua nyumba anapata haki ya kutumia ardhi ya makazi kwa miaka 70. Ya viwanda ni 50, ya biashara 40. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na hatimiliki inayotolewa na serikali haizidi miaka 99. Kenya raia anaweza kuwa na milki huru, lakini Katiba ya 2010 haimruhusu mgeni kuvuka pangisho la miaka 99. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kusema "hii ni yangu" kwa sauti ileile, mmoja akimaanisha milele na mwenzake akimaanisha miaka 31 iliyobaki. Madalali hutaja idadi ile kubwa ya mwanzo kwa sababu inasikika vizuri. Wewe uliza imebaki mingapi.

Chini ya hapo kuna jozi nyingine inayochanganywa kila siku: pangisho na ruhusa. Mpangaji ameshika ukuni halisi. Kwa muda wa mkataba chumba ni chake kiasi kwamba hata mwenye nyumba hana haki ya kujiingilia anavyotaka. Mwenye ruhusa, kama mgeni wa hoteli, hana ukuni wowote. Anachofanya ni kutimiza alichokubaliwa. Tofauti hii ina uzito siku ya kuondolewa, maana mpangaji analindwa na sheria za upangaji na mwenye ruhusa mara nyingi halindwi. Ndiyo sababu baadhi ya wenye nyumba huandika "ruhusa" juu ya karatasi ambayo kwa kila hali ni pangisho. Mwaka 1985 kesi ya namna hiyo ilifika Bunge la Malodi la Uingereza, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho. Aliyekuwa akiishi pale alikuwa ametia saini kukubali kwamba hana pangisho. Jaji Lord Templeman hakubabaishwa na jina: amepewa chumba atumie peke yake, kwa muda, kwa kodi, basi ni mpangaji. Chombo cha meno matano cha kuchimbia udongo, alisema, ni uma wa shambani hata kama aliyekitengeneza anashikilia kuwa ametengeneza sepetu.

Muda unaweza pia kupimwa kwa uhai wa mtu. Haki ya maisha humpa mtu nafasi ya kukaa na kutumia mpaka afe, huku umiliki wenyewe ukiwa tayari kwa mwingine, unamsubiri. Wafaransa wana namna ya mauziano iliyojengwa juu ya wazo hili: mnunuzi hulipa kidogo kidogo kila mwezi, na muuzaji hubaki ndani maisha yake yote. Mwaka 1965 Jeanne Calment wa mji wa Arles, akiwa na miaka 90, aliiuza fleti yake hivyo kwa mwanasheria aliyekuwa karibu nusu ya umri wake, kwa faranga 2,500 kwa mwezi. Kwa hesabu ya mnunuzi ilikuwa neema. Mwanasheria yule akafariki 1995 bila kulala humo hata usiku mmoja kama mwenye nyumba, na jamaa zake wakaendelea kulipa hadi bibi alipofariki 1997, akiwa na miaka 122, mtu aliyeishi muda mrefu kuliko wote ambao kumbukumbu zao zimethibitishwa.

Sasa rehani, neno ambalo kila mtu anadhani analijua. Rehani si mkopo. Mkopo ni pesa. Rehani ni ukuni ambao mkopaji anauchomoa na kumpa mkopeshaji aushike mpaka deni liishe. Ukuni wenyewe ni haki ya kuiuza mali endapo deni halilipwi. Kiswahili kina kitenzi chake cha kumaliza jambo hili, kukomboa, na katika sheria kukomboa ni haki yenyewe, tena haki sugu. Mahakama za Uingereza zilianza zamani kumlinda mkopaji aliyechelewa siku chache asipoteze shamba la thamani kubwa kwa deni dogo, na tangu hapo kanuni ikabaki kwamba mkataba wa rehani hauwezi kuandikwa kwa namna inayomnyima mkopaji nafasi ya kukomboa. Mambo mawili hapa huwakwaza watu. La kwanza: mkopeshaji akiuza, ziada baada ya deni na gharama ni ya aliyeweka rehani, si ya benki. La pili ni dogo na linaudhi zaidi. Kumaliza kulipa hakufuti rehani kwenye daftari la ardhi. Lazima mkopeshaji atoe waraka wa kuifuta na waraka huo usajiliwe. Kuna watu walimaliza deni, wakafanya sherehe, na siku wanataka kuuza ndipo wanakuta jina la benki bado limekaa pale, pengine benki yenyewe ikiwa imeshaunganishwa na nyingine na hakuna anayejua jalada liko wapi.

Rehani angalau humleta mwenye nayo mlangoni akidai. Haki ya njia hukaa kimya. Chukua viwanja viwili, kimoja mbele kando ya barabara, kingine nyuma yake bila pa kutokea. Mwenye kiwanja cha nyuma akipewa haki ya kupita kando ya ukuta wa cha mbele, sheria haisemi kuwa fulani amemruhusu fulani. Inasema kiwanja kinakitumikia kiwanja: cha mbele kinabeba mzigo, cha nyuma kinanufaika. Wenyewe wakigombana, wakifa, wakiuza, njia inabaki. Mnunuzi mpya wa kiwanja cha mbele akija na matofali yake kuiziba atasimamishwa. Aina hii ya haki ni pana kuliko njia: bomba la maji, waya wa umeme, mfereji wa maji machafu, hata mwanga wa dirisha katika baadhi ya nchi. Ukienda kuangalia nyumba, usiishie sebuleni. Zunguka nyuma uone nani anapita wapi. Mkanyago kwenye nyasi ni ushahidi ambao hakuna dalali atakutajia.

Ndugu yake haki ya njia ni sharti la kutofanya: usijenge ghorofa, usifungue duka, bustani ibaki bustani. Je, sharti aliloahidi mnunuzi wa kwanza linamfunga wa tatu au wa nne ambaye hakuahidi kitu? Jibu lilitoka London mwaka 1848. Bustani ya katikati ya Leicester Square ilikuwa imeuzwa 1808 kwa ahadi kwamba haitajengwa. Ikapita mikono kadhaa, hadi ikafika kwa mtu aliyeijua ahadi ile lakini akaona haimhusu. Mahakama ikamzuia: huwezi kununua kwa bei ya ardhi yenye sharti kisha ukaitumia kana kwamba sharti halipo. Bustani bado ipo, katikati ya majumba ya sinema.

Kuhusu kumiliki wawili, nitasema kifupi, kwa kuwa kosa ni lilelile kila mara. Umiliki wa pamoja uko wa namna mbili. Katika ule usiogawanyika, mmoja akifa fungu lake halirithiwi. Linamezwa na aliyebaki. Katika ule wa mafungu, kila mmoja ana sehemu yake, nusu au theluthi, na akifa sehemu hiyo inakwenda kwa warithi wake. Majina mawili kwenye hati hayakuambii ni upi. Ndugu walionunua pamoja na kila mmoja ana familia yake wakiandikwa kwa namna ya kwanza bila kujua, wajane na watoto ndio watakaogundua.

Yote haya yanaandikwa wapi? Zamani, na hadi leo katika majimbo mengi ya Marekani, ofisi hutunza nyaraka za mauziano, na mnunuzi huzifuata nyuma moja baada ya nyingine kuona kama mnyororo haujakatika. Ndiyo maana huko kuna bima ya umiliki. Njia ya pili ilianza Australia Kusini mwaka 1858, kwa sheria iliyopiganiwa na Robert Torrens: daftari halirekodi tu umiliki, linauumba. Aliyeandikwa ndiye mwenye mali, na serikali inasimama nyuma ya maandishi hayo. Kenya na Uingereza ni miongoni mwa nchi ambazo ukurasa wa daftari umegawanywa sehemu tatu. Ya kwanza inaeleza mali yenyewe, ya pili mmiliki, ya tatu mizigo: rehani, masharti, pingamizi. Wanunuzi hukimbilia ya pili kutazama jina kama linafanana na la kitambulisho. Mimi ningeanza na ya tatu. Jina sahihi lenye mizigo mitano si habari njema.

Kwa mfumo huo, hatimiliki mkononi ni kivuli cha daftari. Hati inaweza kuwa halisi, mhuri halisi, karatasi halisi, na daftari likawa limeshabadilika wiki iliyopita. Upekuzi hufanywa kwenye daftari, na hufanywa karibu kabisa na siku ya kulipa. Pingamizi, hilo neno la sehemu ya tatu, ni tangazo la mtu anayesema "nina dai hapa". Halithibitishi dai lake, ila linazuia uhamisho usiandikwe kabla hajasikilizwa.

Kati ya kukubaliana na kusajiliwa kuna kipindi ambacho pesa nyingi hupotelea. Mkataba wa mauziano ni ahadi ya kuhamisha. Hati ya uhamisho ndiyo inayohamisha, na katika mifumo mingi hata hiyo haijafika mpaka isajiliwe. Katika kipindi hicho hutolewa arubuni. Neno zuri la Kiswahili, ingawa sikio haliwezi kuacha kusikia "kurubuni" ndani yake. Arubuni si malipo ya awali tu. Katika sheria ya Ufaransa, kifungu cha 1590 cha kanuni ya madai, ni bei ya kughairi: mnunuzi akijitoa anaipoteza, muuzaji akijitoa anairudisha mara mbili. Mahali pengine malipo ya awali ni sehemu ya bei na hayana sumu hiyo. Kwa hiyo kabla ya kutoa, andikeni ni ipi, na ikae kwa nani wakati mnasubiri. Kumbuka pia shufaa: katika sheria ya Kiislamu mwenye fungu katika mali ya pamoja ana haki ya kulinunua fungu la mwenzake kabla ya mtu wa nje, na asiyemuuliza anaweza kujikuta amenunua kesi.

Umebaki ukuni mmoja, unaoondoka bila kuuzwa wala kutolewa. Mtu akikalia ardhi ya mwingine waziwazi, bila ruhusa, kana kwamba ni yake, na mwenyewe akanyamaza, sheria hufika mahali ikamfungia mwenyewe mlango wa kudai. Kenya na Tanzania kipindi hicho ni miaka 12. Uingereza nako kilikuwa 12, hadi sheria ya mwaka 2002 ilipokibadili kwa ardhi iliyosajiliwa: aliyekaa miaka 10 anaweza kuomba aandikwe, lakini kwanza msajili humtumia barua mmiliki kwenye anwani iliyomo daftarini. Kuanzia hapo mmiliki ana siku 65 za kazi kujibu, kama anwani ile bado ni yake.