Mtindio wa ubongo: jeraha lisilokua ndani ya mtoto anayekua

Mtindio wa ubongo ni jina la pamoja la matatizo ya mwendo na mkao wa mwili yanayompata mtoto ambaye ubongo wake uliumia, au haukujengeka sawasawa, ukiwa bado mchanga. Jeraha linaweza kutokea tumboni, wakati wa kujifungua, au katika miaka miwili mitatu ya mwanzo. Wengine huuita kupooza kwa ubongo. Mikono na miguu ya mtoto huzaliwa mizima. Iliyoumia ni sehemu ya ubongo inayoiongoza. Kwa hiyo mguu unaweza kuwa hauna kovu wala uvimbe na bado usimtii mwenyewe.

Kuna jambo ambalo ningetaka kila mzazi aambiwe siku ile ile anapolisikia jina hili, kwa sababu lina pande mbili na mara nyingi husikia upande mmoja tu. Jeraha la ubongo halina tiba ya kulifuta. Lakini pia halitanuki mwaka hadi mwaka, wala haliambukizi mtu. Anayebadilika ni mtoto. Mifupa yake inarefuka, misuli iliyokakamaa inashindwa kuifuata, viungo vinaanza kujikunja, nyonga inavutwa taratibu kutoka mahali pake. Mwili unadai chakula kingi zaidi na kumeza bado ni kazi. Anataka kusema na hana njia. Mengi yanayomtesa mtoto wa miaka kumi hayakuwepo alipokuwa na mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya hayo ingezuilika. Mzazi anayeambiwa "hauponi" kisha akarudishwa nyumbani amenyimwa nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo yenye kazi ya kufanya.

Mabishano juu ya chanzo ni ya zamani. Mwaka 1861 daktari wa upasuaji wa London, William John Little, aliwaeleza wenzake habari za watoto waliokakamaa miguu baada ya uzazi mgumu au kuzaliwa kabla ya wakati, na kwa miaka mingi hali hii ikaitwa ugonjwa wa Little. Sigmund Freud, kabla hajavuma kwa mambo ya nafsi, aliandika mwaka 1897 kwamba kwa baadhi ya watoto uzazi mgumu wenyewe ulikuwa dalili ya kasoro iliyoanza tumboni. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Katika nchi tajiri, kwa watoto wengi mambo huanza kabla ya uchungu. Huku kwetu saa za kujifungua na siku za mwanzo zina uzito mkubwa zaidi.

Waulize akina mama na utasikia maneno yale yale: uchungu ulichukua siku mbili, mtoto alichoka, alipotoka hakulia. Mtoto asiyepumua anakosa oksijeni, na ubongo hauvumilii hali hiyo kwa muda mrefu. Ndiyo maana wakunga hufundishwa kumkausha mtoto, kumsisimua, na asipopumua kumpa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Mafunzo hayo yalipofanyiwa utafiti katika hospitali nane za Tanzania, na matokeo kutolewa mwaka 2013, vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu. Watoto njiti nao wako hatarini, kwa kuwa mishipa ya damu ndani ya ubongo wao ni laini mno.

Manjano yanastahili kuzungumzwa zaidi, kwa sababu hupuuzwa sana. Watoto wengi huwa wa manjano kidogo baada ya kuzaliwa na hupona wenyewe. Ila kiwango cha rangi ya manjano ndani ya damu kikipanda sana, rangi hiyo hupenya hadi ndani kabisa ya ubongo na kuharibu sehemu zinazotuliza mwendo, na mtoto hubaki na mwili unaojinyonganyonga bila yeye kutaka. Masikio yake pia huweza kupoteza usikivu. Tiba ni taa maalumu za buluu hospitalini, na katika hali mbaya kubadilishwa damu. Kumwanika mtoto jua la asubuhi hakumtibu mtoto wa namna hiyo, ingawa ushauri huo bado unatolewa kwa moyo mwema katika nyumba nyingi. Kwa ngozi nyeusi manjano hujificha, hivyo tazama weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Manjano yanayotokea ndani ya saa 24 za mwanzo ni ya kukimbiza hospitali siku hiyo hiyo.

Halafu kuna watoto waliozaliwa salama, wakakaa, wengine wakaanza kutembea, kisha ikaja malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Degedege likawapeleka kwa mganga kwanza, hospitali baadaye. Katika utafiti uliofanywa wilaya za Iganga na Mayuge nchini Uganda na kuchapishwa mwaka 2017, karibu robo ya watoto wenye mtindio wa ubongo waliumia baada ya kipindi cha uchanga. Utafiti huo ulikuta karibu watoto 3 kati ya kila 1,000 wana hali hii. Kuna kitu kingine ndani yake ambacho kila nikikifikiria kinaniuma: miongoni mwa watoto wenye umri mkubwa, idadi ilikuwa ndogo kuliko miongoni mwa wadogo. Hali hii haiponi. Maelezo yanayobaki ni kwamba wengi hawakufika umri huo.

Kwa macho, mtindio wa ubongo hauna sura moja. Aina iliyoenea zaidi, takriban wanne kati ya watano, ni ya kukakamaa: misuli inabana, miguu inapishana kama mkasi, ngumi hazifunguki. Inaweza kushika upande mmoja wa mwili, au miguu zaidi ya mikono, au mwili mzima. Wapo wenye miili inayojinyonga yenyewe, na wachache ambao shida yao ni kuyumba na kukosa mizani. Wengine huanza wakiwa wamelegea kabisa, ukakamavu ukaja baadaye.

Dalili za mapema zinaonekana nyumbani kabla ya kuonekana kliniki. Mtoto wa miezi minne ambaye shingo bado haijakaza. Mtoto ambaye kumtanua miguu umbadilishe nepi ni vita. Anayenyonya kwa taabu, anayepaliwa kila mara. Wa miezi tisa ambaye hajakaa. Na mmoja anayependa kutumia mkono mmoja tu kabla hajatimiza mwaka. Watu husema atakuwa mashoto, lakini katika umri huo mtoto anapaswa kutumia mikono yote miwili, na ule anaouacha huenda ndio wenye shida. "Watoto hawafanani, hata baba yake alichelewa kutembea" ni maneno ya faraja, na yamekula miezi ya watoto wengi ambayo ilikuwa bora kuliko yote kwa kuanza mazoezi.

Swali la kwanza la mzazi huwa: atatembea? Wataalamu hupanga uwezo wa mwendo katika madaraja matano, kuanzia mtoto anayetembea na kukimbia kwa shida ndogo hadi asiyeweza kushika shingo yake. Mtoto anayeweza kukaa bila kushikwa akifika miaka miwili ana nafasi nzuri ya kutembea. Takriban theluthi moja hawatatembea. Nadhani familia inastahili kuambiwa hivyo waziwazi na kwa upole, maana nimeona nguvu za miaka zikimwagwa kwenye kusimama tu huku mtoto hajafundishwa kujilisha wala kuitika.

Mwendo ndio unaoonekana, lakini mara nyingi mengine ndiyo yanayoamua maisha. Karibu robo ya watoto hawa wana kifafa, na dawa zake zipo. Robo hivi hawawezi kuongea. Nusu wana ulemavu wa akili wa kiwango fulani, maana yake nusu nyingine hawana. Kosa kubwa tunalowafanyia ni kupima akili kwa mdomo: kwa sababu udenda unamtoka na maneno hayatoki, tunaamua haelewi, tunamzungumzia mbele yake kama hayupo. Mwanzo wa mawasiliano ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mshikie vitu viwili, uji na ndizi, uone macho yanaenda wapi. Mkubaliane kwamba kutazama juu ni ndiyo. Baadaye kata picha kutoka magazeti, zibandike kwenye kadibodi: maji, choo, naumwa, nataka kutoka nje. Mtoto aliyepata njia ya kusema "naumwa" amepata jambo zito, kwa kuwa tafiti zinaonyesha watatu kati ya wanne wenye hali hii huishi na maumivu.

Chakula ndicho uwanja wa hatari ya kila siku. Mlo mmoja unaweza kuchukua saa nzima, na mama ana wengine watatu na kibarua. Njia inayozoeleka ni kumlaza chali mapajani na kumimina uji. Hivyo uji huteleza kwenye njia ya hewa, na nimonia inayorudi kila baada ya wiki chache inaanzia hapo. Mtoto akae wima, kichwa kikiwa katikati na kidevu kimeinama kidogo, chakula kiwe kizito laini badala ya chepesi, kijiko kidogo, na asiongezwe kabla hajameza. Ongeza mafuta, karanga zilizosagwa laini au siagi ili tonge chache zibebe nguvu nyingi. Ningeweka somo hili mbele ya zoezi lolote la miguu.

Mazoezi ya viungo yenyewe hayaishii katika nusu saa ya kliniki mara moja kwa mwezi. Faida iko katika jinsi mtoto anavyobebwa, anavyolazwa, anavyokalishwa kuanzia asubuhi hadi usiku. Mtoto anayekakamaa akibebwa miguu ikiwa imetanuliwa kiunoni mwa mama, misuli ya mapaja inanyooshwa bila mtu kuita mazoezi. Kiti cha kona kinachotengenezwa na fundi seremala kwa mabaki ya mbao, chenye mkanda na meza mbele, kinampa mikono huru na uso wa kuwatazama wenzake. Kumvuta miguu kwa nguvu hadi alie hakusaidii. Misuli hiyo hubana zaidi inapoogopa. Nyonga zipigwe picha ya eksirei mara kwa mara, hasa kwa asiyetembea, kwa kuwa karibu theluthi huteguka kimyakimya. Zipo pia plasta na viatu vya kunyoosha nyayo, dawa za kulegeza misuli, sindano za kupunguza mkazo, na upasuaji wa kurefusha kano. Hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam inahudumia watoto hawa. Seli shina, yaani chembe hai changa zinazoweza kugeuka kuwa chembe za aina nyingine, huuzwa kwa mamilioni kama tiba ya uhakika, lakini hazijathibitishwa. Familia zimeuza shamba kwa ajili hiyo, na mtoto akarudi bila shamba na bila kiti.

Mzigo huu huangukia mabega ya mama, na nasema mabega kwa maana yake halisi. Mtoto wa miaka tisa hubebwa mgongoni hadi kituo cha daladala, kondakta anauliza mzigo huo utakaa wapi. Baba ameondoka, wakwe wamesema kwao hakujawahi kutokea kitu kama hicho, jirani ananong'ona habari za kafara. Katika hali hiyo kumficha mtoto ndani huonekana kama kumlinda. Hakuna laana katika oksijeni iliyokosekana, na hakuna alichokula mama au alichokosea mimba ikiwa tumboni kinachompa mtu haki ya kumhukumu. Penye vikundi vya wazazi wanaokutana na wataalamu wa mazoezi, akina mama hufundishana kulisha na kukalisha watoto, na mtoto hupata mahali pa kwenda ambako hakodolewi macho.

Sheria iko upande wa mtoto: Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Kenya ina vituo vya kutathmini watoto kielimu tangu miaka ya 1980. Shuleni kinachokwamisha huwa ni vitu vidogo vyenye bei ndogo: ngazi tatu mlangoni, choo cha kuchuchumaa kisicho na cha kushika, kukosekana kwa mtu wa kumgeuza saa nne. Mwalimu anayempa muda mrefu wa kujibu atashangaa majibu yanayotoka. Na michezo ipo. Boccia, mchezo wa mipira wanaocheza hata wenye ulemavu mzito wa mwili mzima, uliingia michezo ya Paralimpiki mwaka 1984, na unaweza kuanzishwa uwanjani kwa mipira midogo iliyoshonwa na kujazwa mchanga.

Kama mtoto uliye naye ana miezi sita na moyo wako una wasiwasi, nenda kliniki ukataje ulichokiona, na kama unaweza mpige video ya simu anapojikaza ili mhudumu aone kile kile unachokiona wewe. Omba apimwe macho na masikio. Uliza kama mshtuko wake ni kifafa. Uliza jinsi ya kumlisha akiwa amekaa, na usitoke hadi uonyeshwe kwa vitendo. Akikua, uliza habari za nyonga. Ukiambiwa usubiri atachangamka mwenyewe, omba barua ya kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na wakati unaisubiri endelea kumkalisha na kuongea naye.