Ndege aliyeshikwa na mtu hakataliwi na wenzake

Tangu utotoni tumeonywa: ukimgusa kinda, mama yake atanusa harufu ya mtu na kumtelekeza. Ndiyo maana wengi wakiona picha ya mtafiti ameshika ndege mkononi huhisi kiumbe huyo keshaharibiwa.

Si hivyo. Ndege wengi huwatambua makinda wao kwa mahali kiota kilipo na kwa sauti. Pua wanazo na wananusa, ila harufu ya kiganja haitoshi kuwafanya waache kulea.

Tazama hoteli ya Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, Kenya. Tangu 1969 watafiti hutega nyavu nyembamba huko usiku wa ukungu, Novemba na Desemba, wakati taa za hoteli zinapowavuta ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia. Ndege hunaswa kwenye mkunjo wa wavu, hutolewa taratibu na kutiwa kwenye kifuko cha kitambaa. Kisha huvishwa mguuni pete yenye namba ya kumtambulisha, hupimwa bawa na uzito, pengine hupigwa picha, halafu huachiwa. Pete za Ngulia zimepatikana hadi Urusi na Uarabuni. Aliyezivaa aliendelea na safari yake kama kawaida.

Hatari ipo kwingine: jua, mvua, au kusahauliwa wavuni. Nyavu lazima zikaguliwe mara kwa mara. Na mpiga picha anayekaa saa nzima karibu na kiota (hata bila kugusa kitu) huwazuia wazazi kurudi kulisha.