Usinisomee spishi, nisomee straini

Juzi nimetumiwa tena picha ya kopo la vidonge: "Mtaalamu, hii ina Lactobacillus rhamnosus, si ndiyo ile inayosaidia watoto wanaoharisha?" Labda. Kopo limetaja spishi, yaani aina ya bakteria, lakini halisemi ni straini ipi, yaani ukoo upi ndani ya aina hiyo, na mzozo wangu wote uko hapo.

Iliyojaribiwa sana kwa kuhara ni straini GG, waliyoitoa watafiti Gorbach na Goldin kwenye utumbo wa mtu mzima mwenye afya, miaka ya 1980. Mwaka 2009 watafiti wa Ufini walisoma mpangilio wa jenomu yake (DNA yake yote) sambamba na ya LC705, rhamnosus wa viwanda vya maziwa. Zote zina jozi za besi (herufi za DNA) milioni 3 hivi, na jeni nyingi ni zilezile. Lakini GG ina jeni za SpaCBA, zinazotengeneza vinyweleo vya protini nje ya seli, navyo hung'ang'ania ute wa utumbo. LC705 hana hata kimoja. Kwenye lebo wote wawili wangeandikwa jina lilelile!

Mtindi wa probayotiki (wenye bakteria hai wa kusaidia afya) ulioanza kutengenezwa na kina mama wa Mwanza mwaka 2004 ulitumia GR-1. Naye ni rhamnosus, ila chimbuko lake ni njia ya mkojo ya mwanamke. Kumpa sifa za GG ni kumkabidhi mtu basi kwa kuwa binamu yake ana leseni.

Bado unabisha? Haya, tuchukue spishi nyingine ya bakteria wa utumbo, E. coli. Straini O157:H7 huweza kuharibu figo za watoto. Straini Nissle 1917, aliyoitoa daktari Alfred Nissle kwa askari wa Kijerumani ambaye kuhara hakukumgusa vitani, mpaka leo ni dawa Ujerumani. Jenomu za E. coli watatu zilipolinganishwa mwaka 2002, protini walizo nazo wote watatu hazikufika asilimia 40 ya jumla. Spishi moja hiyo.

Sasa linalonikosesha usingizi, na ambalo wauzaji hawaligusi. Huyo Nissle mzuri amebeba jeni za kolibaktini, sumu inayojeruhi DNA. Mwaka 2012 watafiti walivuruga utengenezaji wake, na msaada wa Nissle kwa wanyama wa maabara wenye utumbo uliovimba ukapotea, kana kwamba dawa na sumu zimeshikana. Baadaye wengine waligusa sehemu ndogo tu ya kimeng'enya kimoja: sumu ikakoma, uwezo wa kuua bakteria wengine ukabaki. Inatia moyo, lakini straini iliyorekebishwa ni straini nyingine, kwa hiyo majaribio kwa binadamu yaanze upya. Huyo Nissle wa kawaida ningemmeza? Kwa ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, daktari wangu akisema, ndiyo. Kwa "kusafisha tumbo", hapana.

Kwa hiyo kabla ya kunitumia picha, tafuta herufi na namba zinazofuata jina la spishi, kisha uliza straini hiyo ilijaribiwa kwa ugonjwa gani na kwa dozi gani. Hakuna herufi? Nunua mtindi, unywe kwa ugali.