Tunavyoyakuza Mafuriko ya Mto Mijini

Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya hekta moja, huangusha lita 500,000 za maji. Penye msitu, mengi hunaswa na majani au kunywewa na udongo, na yanayobaki hufika mtoni polepole. Hekta hiyohiyo ikifunikwa kwa mapaa na lami, mengi hutiririka juu kwa juu, na mitaro tuliyoichimba ili kukausha mitaa huyafikisha mtoni kwa mkupuo. Ndiyo maana mto wa mjini huweza kufurika kwa mvua ambayo zamani ungeimudu.

Mto wenyewe nao tumeubana. Uwanda wa kando yake, ambao wengi huuona kama ardhi tupu inayongoja kujengwa, ni sehemu ya mto: ndiko maji ya ziada hutandaa na kupungua kasi. Tukiujaza kifusi, maji hupanda juu zaidi na kumhamia jirani. Kalavati jembamba lililozibwa na taka hukamilisha kazi hiyo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni matuta ya kuzuia maji. Yanasaidia, tena sana, kwa mafuriko madogo. Lakini watu wakishayaona, huhesabu kwamba hatari imekwisha. Nyumba, hospitali na vituo vya umeme hujengwa nyuma yake, na siku tuta linapobomoka hasara huwa kubwa mno. Huko Marekani, sera ya kutegemea matuta peke yake kando ya mto Mississippi ilishindwa vibaya mwaka 1927. Tena, yanayoitwa "mafuriko ya miaka 100" hayangoji karne ipite. Uwezekano wake ni asilimia 1 kila mwaka, na kwa anayeishi hapo miaka 30 unafika takribani asilimia 26.

Uholanzi, baada ya kuwahamisha watu wapatao 250,000 mwaka 1995, iliamua kuirudishia mito nafasi. Mjini Nijmegen tuta la mto Waal lilisogezwa nyuma mita 350 na mkondo wa pili ukachimbwa. Kimo cha maji wakati wa mafuriko kikapungua takribani sentimita 35. Takribani nyumba 50 zilibomolewa, na hilo liliwauma wenyeji.

Kabla hujanunua kiwanja karibu na mto, waulize wazee wa hapo maji yaliwahi kufika wapi, kisha uulize nini kimejengwa upande wa juu tangu siku hiyo.