Je, wajua kwa nini mlango wa choo wa futi mbili na nusu haupitishi kiti cha magurudumu?

Pima kiti cha magurudumu cha mtu mzima, ukingo hadi ukingo: utapata kati ya sentimita 60 na 70. Kisha pima fremu ya mlango wa choo katika nyumba zetu nyingi: futi mbili na nusu, yaani sentimita 76. Kwa hesabu ya haraka kiti kinapita. Kilete sasa uone kinavyogota.

Fundi hutaja kipimo cha fremu kwa nje, lakini mtu hupita kwa ndani. Miimo miwili, yaani mbao za wima za pembeni mwa fremu, zenye unene wa inchi mbili kila moja, inakula sentimita 10. Mlango wenyewe, ukiwa wazi nyuzi 90, bado umetokeza kama sentimita 3 upande wa bawaba. Zinabaki 63, na hapo hatujahesabu mikono ya anayejisukuma. Ndiyo maana viwango vya Marekani vinadai uwazi usiopungua sentimita 81.5, kuanzia uso wa mlango uliofunguliwa hadi mwimo wa pili. Hata fremu ya futi tatu haifiki; inatoa 78 au 79. Mwagize seremala fremu ya sentimita 95 kwa nje. Mbao zitakazoongezeka ni kidogo sana ukilinganisha na kubomoa ukuta uliokwisha kupigwa vigae.

Mlango wa choo ufunguke kwa nje. Mzee akianguka ndani, mwili wake huziba mlango unaofungukia ndani, na wanaotaka kumsaidia wanabaki kuusukuma.

Kujenga kwa namna hii huitwa usanifu kwa wote. Aliyeueneza sana ni Ron Mace, msanifu majengo wa Marekani aliyeugua polio utotoni na kutumia kiti cha magurudumu. Mwaka 1989 alianzisha kituo cha kushughulikia suala hili katika North Carolina State University. Hoja yake ni kwamba nyumba ya kawaida imfae mtoto, mjamzito, aliyevunjika mguu na bibi wa miaka 80, bila kujenga nyumba maalumu ya “walemavu”. Anayeingia na ndoo ya maji mkononi naye atashukuru.

Kabla ya choo, lakini, kuna kuingia ndani. Nyumba zetu huinuliwa kwa sababu ya maji ya mvua, mara nyingi ngazi tatu za sentimita 15, jumla 45. Rampu, yaani njia ya mteremko badala ya ngazi, iliyo salama hupanda kipimo 1 kwa kila 12 za urefu, kwa hiyo hapo inahitajika mita 5.4. Fundi akiona nafasi ni ndogo humwaga zege la mita 1.8 na kukuambia rampu tayari. Hiyo ni 1 kwa 4. Mtu na kiti chake wakifika kilo 90, kwenye mteremko wa 1 kwa 12 msukumaji hubeba kama kilo 7.5, kwenye 1 kwa 4 hubeba karibu 22, na kiti huweza kupinduka kinyumenyume. Rampu hiyo inafaa pikipiki.

Nafasi ikikosekana, izungushe rampu kandokando ya ukuta, na penye kona weka kituo bapa, yaani sehemu isiyo na mteremko, cha sentimita 150 kwa 150. Weka kingine mbele ya mlango, la sivyo mtu atakuwa anashindana na kitasa huku kiti kinarudi nyuma. Upana usipungue sentimita 90, kingo ziinuliwe sentimita 10, na uso wa zege ufagiliwe kwa ufagio mgumu kabla halijakauka. Vigae vinavyong'aa hapo ni hatari mvua ikinyesha.

Kiwanja kikiwa kirefu, kuna njia nzuri zaidi: jaza kifusi taratibu kutoka getini hadi mlangoni kwa mteremko wa 1 kwa 20. Kwa sentimita 45 zinatosha mita 9, na haionekani kama rampu kabisa. Ila kifusi kisiegemee ukuta juu ya karatasi ya kuzuia unyevu iliyolazwa kwenye msingi. Acha mfereji kati ya kifusi na ukuta, uufunike kwa wavu mbele ya mlango.

Tukirudi chooni, kiti kinahitaji duara la sentimita 150 ili kigeuke. Mwambie fundi alichore kwa chokaa sakafuni kabla hajainua kuta za ndani. Makosa mengi huonekana hapo hapo. Choo cha kukaa kiwe na kimo cha sentimita 43 hadi 48. Vingi vya dukani ni vifupi, hivyo mwaga chini yake zege la sentimita 5. Katikati ya choo pawe sentimita 40 hadi 45 kutoka ukuta wa pembeni, ili chuma cha kushikia kifikike.

Chuma hicho hukaa sentimita 84 hadi 91 kutoka sakafuni, na kiachane na ukuta kwa sentimita 4 tu. Pengo likizidi, mkono huteleza ukapita na kukwama. Tatizo kubwa ni ukuta wenyewe. Kwenye tofali lenye matundu, skrubu na plagi za plastiki hung'oka siku mtu anapojitupia uzito wote. Jazeni zege matofali ya kozi (safu) zilizo kwenye kimo cha chuma wakati wa kujenga, kisha mpige picha ukuta kabla ya plasta ili ijulikane pa kutoboa. Chuma cha kutundikia taulo hakifai kazi hiyo.

Pa kuogea pasiwe na kizingiti. Zege la sakafu ya bafu lishushwe sentimita 3 kuliko chumba jirani ili sakafu ikimalizika pasibaki ngazi mlangoni, lipewe mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Na kwenye nyumba ya wanaotawadha, benchi la zege la kimo cha sentimita 45 kando ya bomba humwokoa mzee kusimama kwa mguu mmoja.