Mlipuko Mkuu haukutokea mahali pamoja

Wengi wakisikia habari za Mlipuko Mkuu (Big Bang), nadharia ya jinsi ulimwengu ulivyoanza kutanuka, huwaza bomu: giza tupu kila upande, kisha nukta moja ikalipuka na vipande vikatawanyika. Picha hiyo inapotosha, kwa sababu inachukulia kwamba nafasi ilikuwepo tayari, ikingoja kujazwa.

Kinachotanuka ni nafasi yenyewe. Mwaka 1929 mwanaastronomia Edwin Hubble alionyesha kwamba kadiri galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, ilivyo mbali nasi, ndivyo inavyozidi kutukimbia kwa kasi. Hilo halituweki katikati. Mkate wenye zabibu kavu unapoumuka, kila zabibu huziona nyingine zikiachana nayo.

Ushahidi ulio wazi zaidi, kwa maoni yangu, ni wa mwaka 1965. Wanasayansi Arno Penzias na Robert Wilson, wakitumia antena kubwa huko New Jersey, Marekani, walinasa mvumo wa redio usiokoma. Waliigeuza antena huku na huku, wakasafisha hata kinyesi cha njiwa ndani yake. Mvumo ukabaki palepale, sawa kila upande wa anga. Ulikuwa mwanga uliosalia tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000, ambao kwa kutanuka kwa nafasi umenyooshwa ukawa mawimbi ya redio, na sasa umepoa hadi nyuzi 270 hivi za Selsiasi chini ya sifuri.

Basi ukiuliza Mlipuko Mkuu ulitokea wapi, jibu ni kila mahali, hata hapo ulipoketi. Na nadharia hii haidai kwamba ulimwengu ulizuka pasipo kitu. Inaeleza namna ulivyotanuka kutoka hali ya joto kali na msongamano, miaka bilioni 13.8 iliyopita.